Oili Haishuki

Mbwera, Delta
9 Julai 2025

Kwa mtani wangu Wilbrod,

Salamu nyingi. Mwili mzima, mengine anayajua Mungu.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Huku Mbwera simu inashika gatini tu, tena mpaka upande juu ya gogo unyooshe mkono, na mimi nimo edani. Umekaa nasi miaka mingi, unajua mjane wa kwetu hatoki mpaka eda iishe. Basi nimekaa kwenye chumba cha marehemu mama mkwe, nguo nyeupe, mkeka, dirisha moja. Barua hii anakuletea Safina, yule anayepeleka kamba wabichi Kibiti. Ukijibu, mpe yeye. Hajui kusoma, kwa hiyo hata akiifungua hatapata faida.

Nakuandikia jambo moja tu. Shemeji yangu Tahiri, mdogo wake marehemu mume wangu, anataka ile lethi, mashine yetu ya kuchongea vyuma, iuzwe chuma chakavu. Anasema fundi kafa, mashine ya nini. Mimi na Abdulhalim hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo kwa mirathi yetu fungu langu ni robo na linalobaki ni la Tahiri. Siwezi kumkatalia. Nilimwambia tu, mimi huku yeye kule, pazia katikati, kwamba mashine inayofanya kazi haiuzwi kwa kilo. Akajibu: "Sawa. Eda ikiisha tutaitazama. Ikiwa inazunguka, rudi Kibiti kwenye chumba chako, uishi kwa kazi yake. Ikiwa imekufa inauzwa, nawe utakaa huku kwetu. Huwezi kukaa mjini peke yako huna cha kukuweka."

Hajasema kwa ubaya, lakini alisema kama mtu anayetaka ile mashine iondoke duniani. Sijui imemkosea nini.

Kukaa huku, Wilbrod, si kwamba wananitesa. Chakula kinaletwa, tena kizuri. Kinawekwa mlangoni, aliyekileta anaondoka. Nawasikia upande wa pili wa ukuta wanacheka, nikikohoa wananyamaza kwa heshima. Heshima hiyo itaniua mimi. Kibiti nilikuwa na kelele za mashine ukutani tangu asubuhi mpaka alasiri, nikawa nalalamika kila siku. Hebu fikiria.

Nijibu kwa neno moja: inazunguka?

Mimi,
Kuruthumu binti Abdala


Kibiti
16 Julai 2025

Mama, shikamoo.

Barua nimeipata. Inanuka kamba mpaka paka wa jirani amenifuata hadi ndani.

Umetaka neno moja. Neno lenyewe ni hapana.

Baada ya kurudi msibani niliiwasha nichonge shafti ya mashine ya kukoboa mpunga, ya mtu mmoja wa Chumbi. Unakijua kile kijidirisha cha kioo kwenye kichwa cha mashine, ambacho oili ikipanda unaiona inadondoka tone tone. Nilikitazama kama Mzee alivyonifundisha, kabla sijagusa kitu kingine. Hakikudondosha hata tone. Nikazima haraka kabla beringi hazijaungua. Nikajaza oili upya, nikawasha tena. Kioo kikavu. Nikafungua mfuniko wa juu nikachungulia. Njia ya oili imeziba. Ni vumbi la chuma tu, Mama, usiwe na wasiwasi.

Shida ni kwamba Mzee hakuwahi kuniruhusu kukifungua kichwa chote. Hiyo ilikuwa kazi yake na wewe, ukimshikia tochi. Mimi nilikuwa natumwa dukani. Sijui paipu inapita wapi wala naanzia nati ipi. Nikilazimisha nikavunja, hakuna kipuri cha mashine hiyo nchi hii.

Mimi nipo. Nafungua karakana asubuhi, nafagia, nakaa. Watu wakipita wanasema "pole, fundi" wanaendelea na safari. Redio nimeizima kwa sababu Mzee alikuwa anabishana nayo, sasa inasema peke yake. Unajua mke wangu alisharudi Tabora na hana mpango wa kuja. Kwa hiyo uani kwetu tupo mimi na kuku wako, na kuku wako hawanipendi.

Niambie nati.

Wilbrod


Mbwera
27 Julai 2025

Wilbrod,

Marahaba. Kuku wangu wanajua Wanyamwezi, ndiyo maana.

Sikiliza vizuri. Ukishatoa mfuniko, upande wa ukuta kuna bamba dogo lenye skrubu. Litoe. Nyuma yake utaona paipu ya shaba nyembamba kama penseli, inatoka kwenye pampu chini, inapanda, inapinda, inaingia juu karibu na kile kioo. Imeshikwa na nati mbili. Ya chini ni ya kawaida. Ya juu ni ya kushoto, yaani inafunguka ukiizungusha kule ambako nyingine zote hufunga. Marehemu aliivunja mara ya kwanza kwa kutojua, akanuna siku nzima, ndipo akaichonga mpya. Nilikuwepo na tochi. Usiivunje na wewe.

Paipu ikitoka, mimina mafuta ya taa ndani, iache ilale, asubuhi ipeleke kwa fundi pancha aipulizie kompresa. Vumbi la chuma litatoka lote. Ndivyo tulivyofanya kila mara.

Sasa na mimi nikuulize. Huo uchafu una rangi gani? Mkavu au unanata? Unanuka nini? Nijibu hayo, usinijibu kwa juu juu.

Marehemu hakukuruhusu kufungua kichwa kwa sababu una haraka. Alikuwa akiniambia, na mimi nilikuwa naona. Kwa hiyo punguza mkono.

Tahiri amepata mnunuzi wa chuma chakavu. Anasema atapita huko kuitazama.

Kuruthumu


Kibiti
8 Agosti 2025

Mama, shikamoo.

Nati ya kushoto imefunguka bila kelele. Ningekuwa peke yangu ningeivunja, nakiri. Paipu ninayo mkononi. Nimeilaza kwenye mafuta ya taa, nimeipeleka kwa kompresa. Fundi pancha alipuliza mpaka mdomo wa paipu ukalia filimbi, watoto wakacheka, lakini upepo hautokei upande wa pili. Nimerudia tena na tena. Nimejaribu petroli. Nimejaribu thina. Nimepitisha waya wa breki ya baiskeli, unaingia kidogo unagoma.

Kuhusu rangi, ni uchafu wa kawaida. Ni vumbi la chuma kama nilivyosema. Haunuki kitu.

Yule mnunuzi amekuja. Hakushika mashine. Aliizunguka tu, mikono nyuma, akaniuliza miguu yake imekwenda chini kiasi gani kwenye saruji. Nikamwambia imefika Tabora.

Mtu wa Chumbi amechukua chuma chake, amekwenda kuchongesha Dar. Ameniomba radhi. Wengine hawaombi, wanachukua tu. Mchana nakula mihogo ya njiani nimesimama mlangoni, ili nione watu.

Kama kuna njia nyingine, niambie.

Wilbrod


Mbwera
15 Agosti 2025

Wilbrod,

Unanidanganya.

Vumbi la chuma halisimami mbele ya kompresa. Mimi si mgeni wa mashine ile. Nimeishikia tochi kabla wewe hujajua Kibiti iko upande gani. Kama umefungua ukaona kwa macho yako, unakijua kilichomo, na kama unakijua hunitajii, basi una sababu.

Nakuambia ninachokidhani. Umeshapata kazi kwingine, unataka mashine ife polepole ili usionekane umemtoroka mjane.

Tena nitasema na lile nililolimeza. Mwaka jana nilikuja karakana na chakula cha mchana, marehemu yuko msikitini. Nikakuona umechukua shafti aliyoichonga mume wangu, umeitazama, umeitupa kwenye rundo la chakavu. Ukafunga chuma kingine ukaanza kuchonga ya kwako. Hukuniona. Nilisimama na kapu langu, nikarudi uani, nikasubiri mpaka nisikie sauti yake ndipo nikaja upya. Moyoni nikasema, huyu tumemlea, leo kazi ya mzee wa watu anaiona takataka. Tangu siku ile nilikuwa nakucheka mdomoni tu.

Usiponijibu, nitajua.

Kuruthumu


Mbwera
10 Septemba 2025

Wilbrod mwanangu,

Hukunijibu. Safina anasema kila akipita anakuta kufuli. Tahiri naye alikwenda, amerudi akasema, "Fundi wako ameshakimbia, shemeji. Eda ikiisha tunaiuza." Akasema na kuku wanalishwa na jirani.

Nilikaa na hasira yangu mpaka juzi. Sasa imekwisha, kilichobaki ni woga. Huna ndugu pwani hii. Ukiumwa nani anajua? Ukifa je, atapelekewa nani habari? Nimewaza hayo hapa kwenye mkeka, na siwezi hata kufika gatini nikapiga simu.

Nijibu. Hata kama ni matusi, yaandike, nitayasoma.

Mamako,
Kuruthumu


Kibiti
16 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo. Sijafa. Nilikuwa Ikwiriri, nachomelea mageti kwa mtu. Barua yako ya Agosti niliisoma nikafunga karakana saa ile ile. Nilikuwa na hasira, Mama, hasira ya kweli. Nikasema, miaka yote hii, kumbe ndivyo wanavyoniona. Halafu kule Ikwiriri nikawa nachomelea huku nabishana na wewe kichwani kutwa nzima, na kila nikibishana nilikuwa nafika mahali pale pale: kweli nilikudanganya. Safina amenikuta stendi ya Ikwiriri jana akanipa hii ya pili. Nimerudi nayo Kibiti.

Si vumbi la chuma. Ni mafuta ya ufuta.

Nilijua siku ile ya kwanza nilipofungua mfuniko. Ndani mna gundi ya njano, nzito, imekauka imeganda kila mahali, inanuka kashata zilizoungua. Nyuma ya mashine nikakuta dumu la mafuta ya ufuta, lile aliloletewa Mzee na wale wateja wanaokamua ufuta kama zawadi. Limefika nusu, na faneli ya oili imesimama mdomoni mwake. Mashine ikipata joto ule ufuta unapikika, unakuwa gundi. Aliyeweka ni Mzee, Mama. Nadhani ni siku chache kabla hamjasafiri kwenda Idi huko Mbwera.

Sikukuambia kwa sababu sikutaka ujue Mzee alifika hapo.

Akili yake ilikuwa inaondoka. Mwaka mzima. Ile shafti uliyoniona naitupa haikuwa ya kwanza. Alikuwa anapima vizuri, anaandika vizuri kwa chaki ukutani, halafu akishika chuma anachonga kipimo kingine kabisa. Nikimwambia anapandisha hasira, na baadaye anakaa kwenye benchi anaitazama mikono yake. Sikuweza kumwona vile. Basi nikawa nangoja aende kuswali adhuhuri. Akitoka tu natupa yake, nachonga nyingine haraka haraka, naiweka palepale alipoiacha. Akirudi anaipapasa, ananiita, "Unaona, Mnyamwezi? Mkono huu haujazeeka." Namjibu, "Haujazeeka, Mzee."

Siku moja aliniuliza mimi nani na nani kaniruhusu kuingia. Nikamwambia mimi mtani wako, nimekuja kukuibia nyundo. Akacheka, akakumbuka. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya choo mpaka nilipoweza kurudi.

Wewe nilikuona unakuja na kapu kila mchana, unamchekesha, unampangusa mdomo. Nikasema, mama huyu hajui. Mwache abaki na mumewe kama anavyomjua. Oili nilikuwa najaza mimi mwenyewe ili asiguse, nikadhani nimeziba mwanya wote. Kumbe siku nisiyokuwepo akajaza.

Ndiyo hiyo. Paipu bado imeziba, na sijui gundi hii inatolewa na nini.

Wilbrod


Mbwera
22 Septemba 2025

Mwanangu Wilbrod,

Nimeisoma barua yako nikalia mpaka mke wa Tahiri akaja mlangoni kuuliza kama umeingia msiba mwingine. Nikamwambia ni ule ule.

Nilijua. Nilijua kabla yako. Alianza nyumbani. Alitia sukari kwenye mchuzi, nikala. Akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa utotoni, nikaitika. Akatoka kwenda dukani akarudi jioni kwa njia ya shamba, viatu mkononi, akasema alikuwa anatembea tu. Nikamwosha miguu, nikasema ndiyo, matembezi ni mazuri. Siku alipokuwa na akili zake vizuri alinishika mkono akaniapisha: "Yule kijana asijue. Akijua ataondoka, na mimi nitakuwa sina karakana." Nikaapa.

Unadhani lile kapu lilikuwa la chakula? Angeweza kuja kula nyumbani, ni hatua chache tu. Nilikuwa nakuja kumtazama kama hajakatwa kidole. Nilikuwa namchekesha ili wewe usione macho yake. Kumbe wewe nawe unamchonga upya ili mimi nisione mikono yake! Loo, Wilbrod. Mwaka mzima tumekaa ua mmoja, tunachota maji bomba moja, tunaamkiana asubuhi, kila mmoja kafunga mlango na jambo lile lile. Na mimi juu yake nikakuchukia. Nisamehe.

Hata msibani ulinikera. Mtani ndiye wa kuchangamsha msiba. Nilingoja ulale mbele ya jeneza uzuie watu, useme Mndengereko huyu hapiti mpaka alipe deni la michembe yetu, vile viazi vyetu vikavu, watu wacheke kidogo, na mimi nipumue. Ukakaa pembeni unalia kama mtoto wa marehemu. Nikasema, hata kazi yake ya utani imemshinda. Sasa ndiyo nimeelewa ulikuwa unalia nini.

Haya. Futa machozi, na mimi nayafuta. Ungeniambia ni ufuta tangu Julai ungekuwa umeshamaliza. Mafuta ya taa na thina havikusaidii hapo. Mafuta ya kula yanayeyushwa na kile tunachotengenezea sabuni. Nenda kwa akina mama wa kikundi chetu cha sabuni, waambie nimekutuma, wakupe kostiki soda. Tumia ndoo ya plastiki, usitumie sufuria, italiwa ikatoboka. Tia maji ya baridi kwanza ndipo soda, kidogo kidogo. Ukigeuza, ukatia maji juu ya soda, itakurukia usoni. Vaa glavu na ufunge macho yako kwa miwani ya kuchomelea. Ilaze paipu humo kutwa nzima. Gundi yote itageuka sabuni, itatoka yenyewe. Suuza kwa maji mengi, kausha kwa kompresa, halafu pitisha oili safi. Mle ndani ya kichwa usimwage soda, itaharibu. Kwangua kwa kijiti cha mti, ufute kwa tambara la thina mpaka harufu ya kashata iishe.

Eda yangu inakaribia kwisha. Fanya upesi, lakini usiharakishe. Unanielewa.

Mamako,
Kuruthumu


Kibiti
1 Oktoba 2025

Mama, shikamoo.

Imeshuka!

Ngoja nikueleze. Akina mama wa sabuni walinicheka kwanza, wakaniuliza nani kaniambia mwanaume anafua mashine. Nilipotaja jina lako wakanipa, wakakataa nilipe. Nikafanya kama ulivyosema, maji kwanza, soda baadaye, miwani usoni. Jioni nikaona kitu kinachungulia kwenye mdomo wa paipu, kinateleza kama ute wa bamia. Nikakivuta kikaja kirefu, kikakatika. Kesho yake kompresa ilipopiga, upepo ukatoka upande wa pili na kipande cha sabuni kikampiga fundi pancha shavuni. Sabuni kabisa, Mama, inatoa povu. Ananidai nimnunulie soda ya kunywa.

Kichwa nimekikwangua kwa vijiti vya mkorosho. Nimefuta kila kona. Nimefunga nati ya kushoto kwa mkono, polepole, kisha spana. Nimejaza oili. Nikawasha, nikaweka jicho kwenye kioo. Hakuna kitu. Nikaweka kidole kwenye swichi tayari kuzima. Hapo ikaja, tone moja, likatelemka kwenye kioo, likafuata jingine, halafu yakawa yanafuatana kama zamani.

Nikageuka nimwambie mtu. Hakukuwa na mtu. Nikatoka nje nikamwambia yule muuza mihogo, "Oili imeshuka!" Akasema, "Oili gani?" Nikarudi ndani nikaiacha mashine izunguke bure, bila chuma, nikakaa pembeni tu. Ilikuwa inasikika ua mzima. Nadhani na kuku wameisikia.

Nimechonga kipande cha majaribio, kipimo kimekubali. Kwa hiyo mwambie Bwana Tahiri aje wakati wowote. Na lile la ufuta limekwisha. Limekuwa sabuni, nimelimwaga. Hakuna atakayejua zaidi yetu wawili. Jina la Mzee liko salama.

Wilbrod


Mbwera
14 Oktoba 2025

Mwanangu Wilbrod,

Nimetoka eda juzi. Nimeoga, nimetembea mpaka gatini na kurudi, miguu imekuwa ya mtu mwingine. Ningeweza kukupigia simu pale kwenye gogo, na kweli nilipanda na simu mkononi. Nikashuka. Haya nitakayokuambia siwezi kuyapigia kelele mbele ya wapakia kamba.

Jana wamekaa kikao cha mirathi, na safari hii sikuwa nyuma ya pazia. Nikawaambia mashine inazunguka. Tahiri akasema vizuri, basi itapata bei nzuri zaidi, kuna mtu Ikwiriri anatafuta mashine nzima. Nikamwambia, tulikubaliana ikizunguka haiuzwi. Akasema, "Shemeji, ataiendesha nani? Yule Mnyamwezi? Ni nani yule kwetu? Kaka hayupo, hana wa kumwogopa." Wazee wakatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo, mgeni ni mgeni.

Wilbrod, nilikuwa nimekaa na siri ile nimeishika kwa meno. Wewe umeniandikia jina la Mzee liko salama. Nikawatazama wale watu wanatikisa vichwa juu yako, nikaifungua. Nikawaambia yote. Nikasema ndugu yenu fundi mkubwa hakuwa anajua chumvi wala sukari. Alikuwa anachonga takataka mwaka mzima, na huyo mgeni wenu alikuwa anazitupa na kuchonga upya kwa siri, kisha anampa yeye sifa, ili asijione amekwisha. Hata ufuta nimewaambia. Nikauliza, nyinyi ndugu mlikuwa wapi? Nani kati yenu alijua?

Nilitegemea Tahiri apige kelele kwamba namvunjia heshima kaka yake. Alibaki anaitazama mikeka. Halafu akaniuliza polepole, "Ilianza lini?" Nikamwambia, mwaka jana, kabla ya mvua za vuli. Akauliza tena, "Una hakika?" Nikasema nina hakika.

Akainuka, akakaa tena. Akasema, "Mwaka jana wakati wa korosho nilimwona kule bandari ya Nyamisati anashuka garini. Nilimkimbilia nimenyoosha mikono, nikamwamkia, 'Shikamoo kaka!' Akanitazama. Akanipa mkono kama unavyompa mpita njia, akasema, 'Marahaba, kijana, hujambo?' Akapita zake. Nikasema, haya, amekuwa mtu wa mashine, mtu wa mjini, mdogo wake hamjui. Nikaapa sikanyagi kwake. Mlipokuja kwa Idi nilikuwa nyumba ya tatu tu kutoka hapa. Niliambiwa kaka amefika. Nikakaa ndani. Nikasema, safari hii aje yeye kwangu."

Nawe unajua yaliyofuata, Abdulhalim alifariki kabla Idi haijafika. Mara ya kwanza Tahiri kumgusa kaka yake tena ilikuwa kumwosha maiti.

Mtu mzima yule alilia mbele ya wazee, Wilbrod, akipiga goti lake kwa ngumi. Mimi na wewe tulidhani tunamsitiri Abdulhalim. Wewe ulinificha mimi, mimi nikakuficha wewe, na huku Mbwera alikuwepo mtu anamchukia kaka yake aliye mgonjwa kwa sababu hakuna aliyemwambia. Ingetosha neno moja kutoka kwangu. Angekuja mbio na mashua ya kwanza.

Mashine haiuzwi. Alisema mwenyewe, wala hakutaka ijadiliwe zaidi. Mimi nitarudi Kibiti, utaiendesha wewe, na fungu lake atapelekewa.

Ameomba kitu kimoja tu, anilete yeye mwenyewe. Tunaondoka Alhamisi na maji yakijaa. Atakuja kukaa kwenye benchi karakana, na atakuuliza kaka yake alikuwaje mwaka ule, alikuwa anasema nini, alikuwa anacheka na nini, kama aliwahi kumtaja. Mwambie kila kitu, na yale mabaya pia. Usimfiche hata moja.

Mamako,
Kuruthumu